Kwa Nini Mkutubi wa Tiba Hurudi Darasani

Maktaba nyingi za vyuo vikuu vya tiba hutoa jarida dogo la habari zao, na mara nyingi jarida hilo huwa na safu ya habari za watumishi. Humo husomwa kwamba mkutubi mmoja amehudhuria kozi ya siku tatu kuhusu utafutaji wa makala, kwamba mwenziwe amepandishwa cheo, na kwamba wa tatu amestaafu baada ya utumishi wa miaka mingi. Madaktari na wanafunzi, ambao ndio walioandikiwa jarida, huiruka safu hiyo wakidhani ni mambo ya ndani ya wakutubi wenyewe. Dhana hiyo si sahihi. Kozi ya siku tatu ya mkutubi yaweza kuwa na uhusiano na uhai wa mtu ambaye mkutubi huyo hatamwona kamwe, na uhusiano huo unaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Dawa iliyosahauliwa

Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, watafiti walikuwa wakichunguza kwa nini njia za hewa za mtu mwenye afya hubaki wazi ilhali za mgonjwa wa pumu hubana. Ili kuzuia kwa muda kazi ya neva fulani, waliwapa watu waliojitolea dawa iitwayo heksamethoni waivute kwa pumzi. Dawa hiyo haikuwa ngeni. Katika miaka ya 1950 ilitumiwa kutibu shinikizo la juu la damu, kisha ikaachwa zilipopatikana dawa bora zaidi. Mtu wa kwanza aliyeivuta alipata kikohozi, akapona. Wa pili hakudhurika. Wa tatu, mwanamke kijana mwenye afya njema, alianza kuugua siku iliyofuata. Mapafu yake yaliharibika, na tarehe 2 Juni 2001 akafariki dunia.

Kabla ya kuanza kazi, mtafiti mkuu alikuwa ametafuta habari za dawa hiyo. Alisoma kitabu cha kiada, akatafuta pia katika PubMed, ambayo ni hifadhidata kubwa ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Hakuona hatari kubwa. Lakini wakati huo utafutaji wa kawaida katika PubMed ulirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala zilizoeleza kwamba baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa heksamethoni walipata madhara ya mapafu zilikuwa zimechapishwa katika miaka ya 1950. Makala hizo hazikupotea. Zilikuwa zimeorodheshwa katika faharasa za karatasi, mabuku mazito yaliyopangwa rafuni katika maktaba kubwa za tiba, yakisubiri mtu anayejua kwamba yapo.

Ni haki kusema kwamba makosa hayakuwa hayo peke yake. Kikohozi cha yule mtu wa kwanza hakikutolewa taarifa inavyostahili, na fomu ya ridhaa haikuwaeleza watu waliojitolea yote waliyopaswa kujua. Mwezi Julai mwaka ule ule serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda tafiti karibu zote za chuo hicho zilizohusu binadamu na kugharimiwa kwa fedha zake. Hata hivyo, miongoni mwa wakutubi wa tiba mjadala mkubwa ulihusu jambo moja: laiti mkutubi aliyefunzwa vema angeshirikishwa, je, angeuliza kama dawa hii ilitumika kabla ya mwaka 1966? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa hakika. Lakini kuuliza hivyo ni sehemu ya kazi yake, na mtu hulijua swali la namna hiyo kwa kufundishwa.

Hifadhidata hujua nini

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kompyuta ya maktaba inajua kila kilichoandikwa. Kwa kweli inajua tu kile ilichowekewa, na hutoa tu kile ilichoombwa. Kati ya mambo haya mawili ndipo ulipo ufundi wa mkutubi.

Faharasa ya makala za tiba ilianza zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1865 daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alikabidhiwa maktaba ndogo ya ofisi ya Mkuu wa Madaktari wa Jeshi mjini Washington. Aliifanya kuwa mojawapo ya maktaba kubwa za tiba duniani, na mwaka 1879, pamoja na Robert Fletcher, akaanzisha faharasa ya kila mwezi iliyoitwa Index Medicus, iliyoorodhesha makala mpya za tiba kwa mada na kwa waandishi. Toleo lake la karatasi, likiwa limepitia vipindi vya kukatika na kubadilishwa jina, lilikoma mwaka 2004.

Kufikia katikati ya karne ya 20 makala zilikuwa nyingi mno. Maktaba ile, iliyokwisha kuwa Maktaba ya Taifa ya Tiba mwaka 1956, iliingiza kumbukumbu zake katika kanda za sumaku za kompyuta, na mpango huo ulianza kazi mwaka 1964 kwa jina la MEDLARS. Daktari aliandika ombi lake. Mtumishi aliyefunzwa kwa miezi kadhaa aliligeuza ombi kuwa lugha ya mashine. Jibu lilirudi baada ya wiki kadhaa likiwa limechapwa. Mwaka 1971 ukaja MEDLINE, ambao uliiwezesha maktaba ya mbali kuuliza kwa njia ya simu na kujibiwa pale pale. Kumbukumbu za MEDLINE zilianzia mwaka 1966, na hiyo ndiyo asili ya ule mpaka uliotajwa hapo juu. Mpaka huo haukutokana na sababu yoyote ya kitabibu. Ulikuwa tu mahali ambapo kanda zilianzia. Baadaye faharasa za zamani zaidi ziliingizwa kidogo kidogo, na leo kumbukumbu nyingi za nyuma hadi miaka ya 1940 zinapatikana. PubMed ilifunguliwa kwa watu wote bila malipo mwaka 1997, na sasa ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35.

Wingi huu ndio unaofanya lugha ya utafutaji kuwa jambo zito. Chukua neno la Kiswahili "homa". Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki neno hilo laweza kuwa joto la mwili kupanda, au malaria yenyewe, au hata mafua. Chukua pia "degedege". Mama wa pwani akisema mtoto ana degedege, mtafiti wa malaria atafikiri juu ya malaria iliyopanda kichwani, na daktari wa neva atafikiri juu ya mtukutiko unaoletwa na joto kali la mwili. Makala mbili juu ya watoto wa namna moja zaweza kutumia maneno tofauti kabisa, na anayetafuta kwa neno moja atakosa makala ya pili bila kujua kwamba ameikosa.

Ili kuepuka hasara hiyo, tangu mwaka 1960 maktaba ile hutumia orodha rasmi ya vichwa vya mada za tiba, ijulikanayo kwa kifupi kama MeSH. Kila makala hupewa vichwa kutoka katika orodha hiyo, hata kama mwandishi alitumia maneno mengine. Vichwa vimepangwa kama mti: chini ya shina la malaria yapo matawi ya malaria ya falsiparamu, ya vivaksi, na kadhalika, na chini ya falsiparamu lipo tawi la malaria ya ubongo. Mtafutaji aweza kuomba tawi moja au shina pamoja na matawi yake yote. Leo orodha ina vichwa vipatavyo 30,000, nayo hurekebishwa kila mwaka.

Vichwa huunganishwa kwa maneno matatu: "na", "au", "si". Mwalimu wa hisabati atatambua mara moja kwamba hizi ni seti za darasani. "Au" hukusanya wanachama wa seti zote mbili, "na" huwachukua wale tu waliomo katika seti zote mbili, na "si" huondoa. Anayetaka makala kuhusu malaria kwa wajawazito huunganisha seti mbili kwa "na". Kanuni ni nyepesi kiasi cha kufundishwa kidato cha kwanza. Ugumu ni kujua ni vitu gani vitiwe ndani ya kila seti.

Jina hubadilika, mkutubi hujifunza upya

Kama orodha ya vichwa ingedumu bila kubadilika, mkutubi angejifunza mara moja na kumaliza. Lakini tiba hubadilika, na majina yake pia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni UKIMWI. Madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wa kwanza mwaka 1981. Katika MeSH ugonjwa huo ulipata kichwa chake wenyewe mwaka 1983. Makala za mwanzo zilikuwa zimewekwa chini ya vichwa vya upungufu wa kinga kwa jumla, au vya nimonia na saratani zilizowapata wagonjwa hao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambako watu waliuita ugonjwa huo "Juliana". Ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Uganda, uliitwa "Slim" kwa sababu ya kukondesha, na mwaka 1985 makala iliyouita kwa jina hilo ilichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza. Virusi vyenyewe viliitwa majina mawili na makundi mawili ya watafiti hadi mwaka 1986, ndipo jina la HIV likakubaliwa.

Sasa fikiria mwanafunzi wa tiba ambaye leo anataka kuandika historia ya ugonjwa huo katika eneo la Ziwa Viktoria. Akitafuta kwa jina la sasa pekee, miaka ile ya mwanzo, ambayo ndiyo anayoihitaji, itamponyoka. Mkutubi aliyehudhuria mafunzo anajua kwamba kila kichwa kina tarehe ya kuzaliwa, na kwamba kabla ya tarehe hiyo lazima atafute kwa majina ya zamani. Jambo hilo hilo lilitokea tena mwaka 2020, pale ugonjwa wa UVIKO-19 ulipopewa jina tarehe 11 Februari huku makala zikiwa zimekwisha kuanza kutoka kwa majina ya namna namna.

Hata utoaji wa vichwa wenyewe umebadilika. Kwa zaidi ya karne moja kazi hiyo ilifanywa na watu waliosoma makala moja moja. Tangu mwaka 2022 vichwa vya makala za MEDLINE hutolewa na programu ya kompyuta, na wataalamu hukagua na kusahihisha baadhi. Njia hiyo ni ya haraka sana. Lakini programu hukosea kwa namna isiyo ya binadamu, na mkutubi aliyezoea makosa ya wenzake sharti ajifunze kutambua makosa ya aina nyingine.

Kutoka mtunza vitabu hadi mtaalamu

Taaluma ya ukutubi wa tiba haikuanza na shule. Tarehe 2 Mei 1898 wakutubi 4 na madaktari 4 walikutana Philadelphia, wakaunda chama ambacho tangu mwaka 1907 huitwa Chama cha Maktaba za Tiba. Miongoni mwa walioasisi alikuwamo Margaret Charlton wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na daktari mashuhuri William Osler. Haja yao ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: kubadilishana nakala za ziada za majarida, ili maktaba yenye mbili iipe isiyo nayo.

Mwanachama mwingine wa mwanzo, Marcia Noyes wa Baltimore, aliajiriwa mwaka 1896 katika maktaba ya chama cha madaktari wa jimbo la Maryland kwa sharti la kuishi katika jengo hilo hilo, ili daktari akihitaji kitabu usiku apatikane. Alitumikia huko kwa miaka 50 hivi. Tiba hakuwa ameisomea. Aliijua kwa kukaa nayo. Njia hiyo ilizaa wakutubi hodari wachache, lakini haikuweza kuzaa wengi, wala haikuwa na namna ya kumpa mtu mwingine kile alichokuwa nacho mmoja. Kozi ya kwanza rasmi ya ukutubi wa tiba ilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1939. Mwaka 1949 chama kilianza kutoa vyeti. Tangu mwaka 1989 kimekuwa na daraja la wataalamu ambalo mwanachama wake hulipata kwa miaka 5 tu. Baada ya hapo hana budi kuonyesha alichojifunza katika kipindi hicho, la sivyo hulipoteza. Sharti hili la mwisho ndilo lenye maana kubwa, kwa kuwa linakiri kwamba cheti cha zamani, hata kikiwa kizuri, huchakaa.

Kwamba mafunzo hayo yalihitajika kulionyeshwa kwa tarakimu mapema. Mwaka 1968 mtaalamu F. W. Lancaster alitoa ripoti ya uchunguzi wake juu ya MEDLARS. Alikuwa amechukua maombi halisi yapatayo 300 na kuuliza mambo mawili. La kwanza, kati ya makala zote zilizofaa zilizokuwamo katika kanda, ngapi zilipatikana? La pili, kati ya zilizopatikana, ngapi zilifaa kweli? Jibu la kwanza lilikuwa kiasi cha asilimia 58, na la pili kiasi cha asilimia 50. Maana yake ni kwamba daktari aliyeomba makala alikosa karibu mbili katika kila tano zilizomfaa, na nusu ya rundo alilopelekewa halikumhusu. Mashine haikuwa imekosea hesabu hata moja. Sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na watu: namna makala zilivyopewa vichwa, namna swali lilivyoandikwa kwa mashine, na namna muulizaji na mtumishi walivyoelewana au kutoelewana. Kati ya hayo, la kuelewana ndilo linalostaajabisha zaidi, kwani laonyesha kwamba mkutubi anayeharakisha kulivika swali la daktari maneno ya mfumo wake aweza kuliharibu kabla halijafika kwenye kompyuta.

Ndiyo sababu mafunzo ya siku hizi hayaishii kwenye kompyuta. Mkutubi hufundishwa kuhoji kwa upole: mgonjwa ni nani, tiba gani inafikiriwa, italinganishwa na nini, matokeo gani yanatazamiwa. Mwaka 1971 Gertrude Lamb, katika chuo cha tiba cha Kansas City, Marekani, alianza kuwapeleka wakutubi wodini pamoja na madaktari wakati wa kuzungukia wagonjwa, ili walisikie swali linapozaliwa. Hali kadhalika, tangu kuanzishwa kwa ushirika wa Cochrane mwaka 1993, tathmini za pamoja za tafiti zote kuhusu tiba fulani zimekuwa kazi kubwa ya vyuo vya tiba, na mwongozo wa ushirika huo huwashauri waandishi wafanye kazi pamoja na mtaalamu wa utafutaji. Tathmini iliyokosa theluthi ya tafiti yaweza kuisifu dawa isiyofaa.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki mafunzo ya wakutubi yalipata msingi mwaka 1963, ilipoanzishwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki huko Makerere, Kampala, kwa ajili ya nchi zote za eneo hili. Mwaka huo huo shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, ile ambayo kwa kupitia majina kadhaa imekuwa, tangu mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Makerere kwenyewe tiba ilikuwa imefundishwa tangu mwaka 1924, na maktaba ya tiba ya huko ina jina la Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897.

Kwa muda mrefu taabu kubwa ya maktaba hizi ilikuwa bei. Majarida ya tiba hulipiwa kwa fedha za kigeni, na bajeti ilipopungua, hasa katika miaka ya 1980, usajili ulikatwa na rafu zikabaki na matoleo ya zamani. Mkutubi wa wakati huo alijifunza ufundi mwingine: kuandika barua za kuomba nakala, kutunza kile kidogo kilichopo, kujua ni hospitali gani ya misheni bado inapokea jarida gani. Mwezi Januari 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa kukubaliana na wachapishaji wakubwa, lilianza mpango wa HINARI, ambao huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma maelfu ya majarida kwa njia ya intaneti bila malipo au kwa malipo madogo. Taabu ya bei ilipungua. Papo hapo ikaonekana taabu iliyokuwa nyuma yake, nayo ni kwamba mlango ukiwa wazi bado anahitajika mtu wa kuwaonyesha watu mlango ulipo. Kibali hutolewa kwa taasisi, na mara nyingi mkutubi ndiye anayekisimamia. Asipofundishwa, daktari aliye jengo la pili hataambiwa kamwe kwamba jarida analolitafuta limo.

Kuna pia maarifa ya Afrika yenyewe. Majarida mengi ya tiba yanayochapishwa barani hayamo katika MEDLINE. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1993, Shirika la Afya Duniani pamoja na chama cha maktaba za afya barani Afrika, kijulikanacho kama AHILA, wamekuwa wakitunza faharasa ya Kiafrika, African Index Medicus. Mkutubi wa Nairobi au Bujumbura anayetafuta makala juu ya kichocho au kuumwa na nyoka akiishia kwenye PubMed pekee, anarudia kosa lile lile la mwaka 1966 kwa upande wa mahali badala ya upande wa wakati.

Mikutano na kozi hizi hugharimu nauli na posho, na katika maktaba yenye watumishi wachache mmoja akisafiri dawati hubaki na mtu mmoja. Wakuu wa vyuo huona ni rahisi zaidi kuidhinisha fedha za vitabu, kwa kuwa kitabu hupigwa muhuri na kuhesabiwa mwisho wa mwaka. Mafunzo hayana muhuri. Tena hutokea kwamba mtumishi aliyesomeshwa hupata kazi kwingine, na chuo kikajiona kimepoteza mara mbili. Dawa ya hilo inajulikana, ingawa haifuatwi sana: arudiye kutoka kozini awafundishe wenzake katika wiki ile ile, na anayekaribia kustaafu apewe mwaka mzima wa kufanya kazi bega kwa bega na atakayemrithi. Mkutubi mzee anajua mambo yasiyoandikwa popote: ni buku gani la faharasa halina kurasa kadhaa, ni daktari yupi husema "makala mpya" akimaanisha za miaka kumi iliyopita, ni sanduku gani la ripoti za wizara halijawahi kuorodheshwa.

Jaribio la darasani

Kanuni zilizoelezwa hapa zaweza kujaribiwa katika shule yoyote, bila kompyuta. Mwalimu akusanye vipande 40 vya magazeti kuhusu afya, kila kimoja kipewe namba. Kundi la kwanza la wanafunzi likisome kila kipande na kukiandikia vichwa visivyozidi vitatu kwenye kadi, kila mtu kwa maneno apendayo. Kadi zipangwe kwa alfabeti. Kundi la pili, ambalo halijaviona vipande, lipewe maswali matano, kwa mfano: "Ni vipande gani vinaeleza magonjwa yanayoenezwa na maji machafu?" Lijibu kwa kutumia kadi peke yake.

Kisha darasa zima lisome vipande vyote na kukubaliana ni vipi hasa vilivyofaa kwa kila swali. Kama vilivyofaa ni 10 na kundi limepata 6 kati ya hivyo, limefikia asilimia 60 kwa kipimo cha kwanza cha Lancaster. Kama lilileta vipande 15 kwa jumla ili kupata hivyo 6, kipimo cha pili ni asilimia 40. Siku ya pili jaribio lirudiwe kwa vipande vile vile, lakini safari hii kundi la kwanza litumie orodha moja ya vichwa 30 iliyokubaliwa mapema, na wanafunzi wengine wachukue nafasi ya kundi la pili. Tarakimu za siku mbili zilinganishwe ubaoni. Vipande ambavyo hakuna aliyevipata siku zote mbili viwekwe kando, na kwa kila kimoja darasa litafute ni kadi gani, yenye neno gani, ingekifikisha mkononi mwa muulizaji.